Kufundisha Neno "Nice" katika Shule ya Msingi

Miongoni mwa vivumishi vya kusifu ambavyo mtoto hukutana navyo mapema katika somo la Kiingereza ni "nice". Wanachuo wengi, waendapo kwenye mazoezi ya kufundisha, hulifasiri neno hili kwa "nzuri", kisha husonga mbele. Tafsiri hiyo si ya uongo, lakini ni pungufu, nayo huzaa sentensi nyingi za ajabu.

Tuanze na lugha yetu. Mzizi "-zuri" hubeba mizigo mingi: twasema maua mazuri, jembe zuri, jibu zuri, mwalimu mzuri. Mwingereza huigawa mizigo hiyo. Jembe lilimalo vyema ni "good". Jibu lisilo na kosa ni "correct" au "good". "Nice" husifu kile kimpendezacho mtu: chakula, nguo, siku yenye hewa safi, tabia ya upole. Kwa kawaida halipimi ustadi.

Tulinganishe sentensi mbili: "She is a good teacher" na "She is a nice teacher". Ya kwanza yasema kwamba mwalimu huyo anaimudu kazi yake. Ya pili yasema kuwa ni mpole na mchangamfu. Kama watoto wanajifunza lolote kwake, haikuelezwa. Fikirini basi kijana aliyemaliza shule akimwombea mwenzake kazi kwa barua, naye akaandika "He is a nice driver". Amemsifu kwa ucheshi, hali mwajiri ataka kujua kama gari litafika salama.

Tena, "mtoto mzuri" kwa Kiswahili mara nyingi hutazamwa sura, na mwenye tabia njema twamwita "mtoto mwema". Usemapo "a nice girl" husifu uso wake. Wasifu jinsi anavyoishi na watu.

Neno lenyewe limesafiri mbali. Asili yake ni Kilatini "nescius", yaani asiyejua. Lilipoingia katika Kiingereza kutoka Kifaransa, yapata mwaka 1300, maana yake ilikuwa mpumbavu. Maana ya kupendeza ilienea katika karne ya 18, na katika Northanger Abbey, riwaya ya Jane Austen iliyotoka mwishoni mwa 1817, yumo mhusika anayewadhihaki watu walitumiao kwa kila kitu. Historia hii ni ya mwalimu, tusiwatwishe watoto.

Darasani yatosha kuwa na kalamu mbili: moja yenye rangi ya kuvutia lakini haiandiki, nyingine kuukuu iandikayo vizuri. Mwalimu aziinue moja moja: "This is a nice pen. This is a good pen." Kisha aandike nazo ubavuni mwa daftari mbele ya watoto, wala asitafsiri. Akumbuke pia kwamba mtoto aliyezoea kizuri na vizuri hushawishika kuandika "nices pens". Kivumishi cha Kiingereza hakifuati ngeli wala wingi.

Wapo watakaotuuliza: mbona Waingereza huandika "Nice work" kwa kazi iliyofanywa kwa ustadi? Ni kweli, huandika. Hayo ni mazoea ya mazungumzo, na tunaona yangoje madarasa ya juu, mtoto akiisha kuzitenganisha zile kalamu mbili bila kusaidiwa.