MGENI KATIKA MJI ULIOTIKISIKA

Masomo: Matendo 16:16–40, Yeremia 29:4–7, Luka 13:1–5

Wapendwa, wengi wetu tuna mtoto au ndugu aliye ng'ambo kwa masomo au kazi. Redio ikitangaza kwamba nchi aliko imepatwa na tetemeko, kwanza twauliza: Yu mzima? Tukiisha kusikia sauti yake, twauliza swali la pili, nalo ni gumu kuliko la kwanza: Je, arudi nyumbani, au akae? Mwezi huu tujifunze juu ya swali hilo la pili.

1. Mji wa Christchurch

Tuchukue mfano wa Christchurch, mji wa Nyuzilandi. Tarehe 4 Septemba 2010, kabla ya mapambazuko, ulitikiswa na tetemeko la kipimo cha 7.1. Majengo mengi yaliharibika, lakini chanzo chake kilikuwa mbali kiasi cha kilomita 40, na watu walikuwa vitandani. Wengi walidhani hatari imepita. Kumbe, tarehe 22 Februari 2011, saa 6.51 mchana, likaja jingine la kipimo cha 6.2. Kwa kipimo lilikuwa dogo, lakini lilitokea karibu sana na mji, tena si mbali chini ya ardhi, na watu walikuwa wamejaa madukani na maofisini. Walikufa watu 185.

Kati yao, 115 walikufa katika jengo moja la ghorofa sita. Humo mlikuwa na shule ya Kiingereza, na wengi wa waliokufa walikuwa wanafunzi wageni. Wajapani peke yao waliokufa mjini siku ile walikuwa 28. Walikwenda kutafuta elimu, kama watoto wetu waendavyo.

Wako watu wanaofanya haraka kusema kwamba maafa ya namna hii ni adhabu ya Mungu. Bwana wetu aliwataja watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakataa kabisa wazo kwamba walikuwa wabaya kuliko wenzao. Tume iliyolichunguza lile jengo la Christchurch ilikuta kwamba usanifu wake ulikuwa na kasoro. Basi, kama kuna kosa la kutafutwa, halikuwa la wanafunzi waliokuwa darasani.

2. Usiku wa Filipi

Sasa tufungue Matendo 16. Paulo na Sila walikuwa wageni mjini Filipi, na ugeni wao ulitajwa katika mashtaka yao. Walipigwa, wakatiwa gerezani. Usiku wa manane nchi ikatetemeka, milango ikafunguka, vifungo vikalegea. Nani kati yetu asingesema, "Bwana amefungua mlango, twendeni"? Petro alipofunguliwa katika sura ya 12 alitoka, wala hakukosea.

Lakini Paulo alimwona mtu mmoja mwenye upanga. Mlinzi wa gereza alidhani wafungwa wamekimbia, na kwa desturi ya Warumi angelipa kwa uhai wake. Paulo akapaza sauti kumzuia asijidhuru, akimhakikishia kwamba wote wamo. Usiku uleule mlinzi akawaosha majeraha, akawakaribisha chakula nyumbani kwake, akabatizwa yeye na watu wake.

Mara nyingi twaishia hapo. Tusome mpaka mwisho wa sura. Kulipokucha wakuu wa mji waliwaomba watoke mjini. Paulo kwanza alidai haki yake, kisha akaenda nyumbani kwa Lidia, naye Lidia pia alikuwa mgeni, mtu wa Thiatira. Wakawatia moyo ndugu, ndipo wakaondoka.

Angalieni basi: Paulo alikaa usiku, akaondoka mchana, na yote mawili yalikuwa sawa. Hakuuliza kwanza, "Je, nikae au niende?" Aliangalia ni uhai wa nani uliokuwa ukimtegemea saa ile. Hilo ndilo fundisho letu la mwezi huu.

3. Siku za kungoja

Tetemeko lenyewe huchukua sekunde chache. Kungoja huchukua miaka. Huko Christchurch ardhi iliendelea kutikisika mara maelfu, na kwa nguvu tena tarehe 13 Juni na 23 Desemba 2011. Mchanga na maji vilifoka kutoka chini vikajaza tope barabarani na nyumbani. Wenye nyumba walingoja serikali iwaambie kama viwanja vyao vyafaa kukaliwa; mwishowe nyumba zaidi ya 7,000 zilihesabiwa kuwa mahali pasipofaa. Wageni wengine waliondoka, wengine walikaa. Tusimwite aliyeondoka mwoga, wala aliyekaa mpumbavu.

Wakati ule palikuwa na kazi kwa kila mwenye mikono. Wanafunzi wa chuo kikuu walikwenda kwa maelfu na makoleo, wakawaondolea tope watu wasiowajua. Japani ilituma waokoaji. Siku 17 tu baadaye, tarehe 11 Machi 2011, Japani yenyewe ikapigwa na tetemeko kubwa mno na mawimbi ya bahari. Ndipo Nyuzilandi, ingali katika msiba wake, ikapeleka waokoaji Japani.

Kanisa Kuu la Anglikana la mji ule lilianguka mnara. Hapo kwanza ilihofiwa kwamba watu kama ishirini walifukiwa humo. Baadaye haikuonekana hata maiti moja. Katika Agosti 2013 lilifunguliwa kanisa kuu la muda, lililojengwa kwa mabomba makubwa ya karatasi ngumu. Msanifu wake ni Mjapani, Shigeru Ban, naye hakudai malipo kwa kazi yake. Mtu wa taifa lililofiwa pale aliwapa wenyeji mahali pa kusalia. Kanisa la zamani nalo, sinodi iliamua mwaka 2017 litengenezwe upya, lakini mwaka 2024 kazi ilisimamishwa kwa upungufu wa fedha. Hata Kanisa hungoja.

4. Yatupasayo sisi tulio nyumbani

(a) Tusimwamuru kijana usiku wa kwanza, "Rudi leo!" Tumwulize: Uko mahali salama? Uko na nani? Yuko anayekutegemea? Wenye mamlaka wamesemaje? Kisha tumwache aamue, nasi tumwombee.

(b) Tusieneze hesabu za wafu kabla hazijathibitishwa. Kuna mzazi anayesikia.

(c) Akirudi, tumpokee bila masimango. Huenda akaruka kitandani lori likipita. Tusimcheke.

(d) Kabla hajasafiri tumweleze barua ya Yeremia kwa waliohamishwa Babeli: wajenge, wapande, wauombee mji wale wanamokaa. Mgeni anayejulikana na jirani na anayesali kanisani ana mtu wa kumwulizia siku ya maafa.

Wala tusidhani kwamba hayo ni ya ng'ambo tu. Waliokuwa Bukoba tarehe 10 Septemba 2016 wanajua. Katika mtaa wetu pia wamo wageni: mpangaji, mwalimu mpya, mkimbizi. Siku nchi ikitikisika, ni nani atakayejua kwamba hawajaonekana?

Maswali ya kuzungumza

1. Kwa nini Petro alitoka gerezani na Paulo akabaki, na wote wawili wakamtii Mungu?
2. Ni maneno gani tuliyowahi kumwambia aliye mbali, yakamwongezea hofu?
3. Tutaje majina ya wageni watatu wanaokaa karibu nasi. Kama hatuwajui, tutaanzaje?

Sala

Ee Bwana, mlinzi wa wasafiri, uwe karibu na watu wetu walio mbali. Nchi inapotikisika uwape macho ya kumwona jirani. Na siku za kungoja zinapokuwa nyingi, uwape subira, nasi utupe upendo usio na haraka. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.