Kuchagua Vifaa vya Sanaa ya Kidijitali: Kijitabu kwa Wachoraji wa Nyambureti

Sanaa ya kidijitali ni uchoraji unaofanywa kwa kompyuta, kishikwambi au simu janja badala ya karatasi na brashi, na kwa mchoraji anayeanza Nyambureti, au kwingineko katika wilaya za Serengeti na Tarime, kifaa kinachostahili kununuliwa kwanza ni kalamu inayohisi mkandamizo wa mkono. Mkandamizo ndio roho ya mstari. Mkia wa nyumbu ukichorwa kwa kalamu hiyo huanza mnene shinani, ukapungua kadiri mkono unavyolegea, hadi ukaishia mwembamba kama unywele. Ukichorwa kwa kidole au kwa kalamu ya bei nafuu yenye ncha ya mpira, unene haubadiliki isipokuwa programu iubuni yenyewe, kwa kuwa kioo cha kawaida cha simu hutambua mahali palipoguswa, si nguvu ya mguso.

Kalamu hiyo huuzwa pamoja na bao la kuchorea, yaani kibao chembamba, mara nyingi kisicho na kioo, kinachounganishwa kwa waya na kompyuta au na baadhi ya simu za Android. Katika mabao mengi, bao hutoa mawimbi ya sumakuumeme ambayo koili ndogo iliyomo kalamuni huyaitikia, na ndiyo maana kalamu haihitaji betri wala kuchajiwa, jambo lenye uzito katika kaya inayotegemea paneli moja ya sola kwa taa na simu. Anayenunua bao lililokwishatumika ahakikishe kwamba kalamu ni ya bao lilelile, kwani ya modeli moja mara nyingi haifanyi kazi kwenye nyingine, na aulizie ncha za akiba, maana ncha hulika.

Asiyemudu vifaa hivi asivunjike moyo, kwani uhaba wa vifaa haujawahi kuwa aibu katika sanaa ya Tanzania: mchoraji Edward Tingatinga aliasisi mtindo wake Dar es Salaam katika miaka ya 1960 kwa rangi za baiskeli juu ya hadibodi, na mng'ao wa rangi hizo ukawa sehemu ya uzuri wenyewe.

Programu isimtishe mtu. Krita, ya kompyuta, hupatikana bure, na ibis Paint, ya simu, ina toleo la bure. Zote zina matabaka, yaani mfano wa karatasi angavu zilizopangana, ili rangi ya mbuga irekebishwe bila kumgusa mnyama aliye juu yake.

Linalosahaulika zaidi ni ukubwa wa mchoro, unaohesabiwa kwa pikseli, yaani nukta za rangi zinazounda picha. Ukurasa wa A4 unaochapwa kwa nukta 300 kwa inchi unahitaji pikseli 2,480 kwa 3,508, ilhali mchoro wenye upana wa pikseli 1,080, unaopendeza simuni, ukichapwa kwa kiwango hicho haufiki upana wa sentimita 10. Kuukuza baadaye huufanya uwe na ukungu, kwa hiyo vipimo hupangwa kabla ya mstari wa kwanza.