Wanawake Wafungwa Melini: Somo la Mchezo wa Kuigiza

Muhula huu Chama chetu cha Michezo ya Kuigiza kimesoma mchezo uitwao Female Transport, ulioandikwa na Steve Gooch wa Uingereza na kuonyeshwa mara ya kwanza mjini London mwaka 1973. Ni habari za wanawake sita wafungwa wanaosafirishwa kwa merikebu hadi Australia. Wenzetu wengine wasema kuwa mchezo wa wezi haufai kuonyeshwa siku ya wazazi. Mimi naona wafaa, na sababu zangu ni hizi.

Kwanza, yatupasa kujua historia. Hapo zamani Waingereza waliwapeleka wafungwa wao Amerika. Makoloni yale yalipojitangazia uhuru mwaka 1776 njia hiyo ilifungwa, na magereza yakajaa. Mwezi wa Mei 1787 merikebu 11 ziling'oa nanga Portsmouth, zikafika Australia Januari 1788. Tangu hapo hata mwaka 1868 walipelekwa huko wafungwa wapatao 162,000, na kati yao wanawake walikuwa kama 25,000. Wengi walikuwa maskini walioiba vitu kama nguo. Adhabu ilikuwa miaka 7, au 14, au maisha. Na aliyemaliza miaka yake hakupewa nauli ya kurudi kwao.

Pili, tutazame ujenzi wa mchezo. Bahari hatuioni. Twaona chumba kimoja tu chini ya sitaha, na wanawake sita ndani yake. Wanaume wa merikebu huingia na kutoka, bali wao hawana pa kwenda. Mwanzoni wanagombana, halafu, katika safari ya miezi sita, waanza kuulizana ni nani aliyewatia humo, na kwa nini. Hicho ndicho kiini cha mchezo.

Tatu, hauna gharama. Mabenchi ya bwaloni yatosha kuwa kuta. Mawimbi yataonyeshwa na miili yetu: wote tuyumbe upande mmoja kwa wakati mmoja. Mmoja akisahau, merikebu imezama machoni pa watazamaji! Wala tusilie tangu mwanzo hadi mwisho, maana aliyezoea taabu hucheka pia.

Je, mchezo huu wawasifu wezi? La. Wauliza kama adhabu yalingana na kosa, na kama mtu aliyehukumiwa ameacha kuwa mtu. Jibu moja nimelipata katika historia yenyewe. Mwaka 1841 wanawake wapatao 180 walisafirishwa kwa merikebu iitwayo Rajah mpaka Hobart. Chama cha akina mama kilichoanzishwa na Elizabeth Fry kiliwapa vitambaa, sindano na nyuzi. Njiani baadhi yao walishona tandiko moja kubwa la vipande 2,815, ambalo limehifadhiwa katika Jumba la Taifa la Sanaa, Canberra. Mikono iliyoitwa ya wezi ndiyo iliyoshona kazi ile.

Kwa hiyo nawaomba walimu wetu waturuhusu tuuonyeshe, na wazazi waje kuutazama. Wakiisha kuutazama hadi pazia lifungwe, watuambie kama ni mchezo wa wezi au ni mchezo wa watu.