Nyumba ya marehemu huko Mohoro: mtoto mkubwa anaruhusiwa kuuza?

*Nimeoneshwa nyumba ya zamani ya familia huko Mohoro. Imepigwa plasta, bati ni jipya na bei inavutia. Anayeuza ni mtoto mkubwa wa marehemu. Mke wangu hana imani. Tufanyeje?*
*Mnunuzi, Kibiti*

Mkeo ana haki ya kusita, ndugu yangu. Kuzaliwa wa kwanza hakumpi mtu mamlaka ya kuuza. Anayeuza mali ya marehemu ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Omba barua ya uteuzi, kaihakiki katika mahakama iliyoitoa, kisha zungumza na mjane na warithi wote, hasa mabinti, ambao husahauliwa kwa makusudi. Kama ardhi ni ya kijiji, halmashauri ya kijiji lazima iidhinishe kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999; muhuri wa mwenyekiti peke yake hautoshi.

Sasa ukuta. Mohoro ni mji wa kale, na nyumba nyingi za zamani ni za miti na udongo. Saruji juu ya udongo hufungia unyevu ndani, nguzo zikaoza au kuliwa na mchwa. Gonga ukuta karibu na sakafu: ukisikia sauti ya uwazi, plasta imeachana na ukuta. Pia waulize majirani maji yalifika wapi wakati wa mafuriko ya Aprili 2024.

Usitoe hata arubuni kabla ya kuiona barua. Muuzaji akikuzungusha, nenda kwa msaidizi wa kisheria au ofisi ya ardhi ya wilaya.