MAMA ALIYEMEZA DAWA YA KUTOA MIMBA, KISHA AKAGEUZA SHAURI

Mama, pengine neno hili limekupata wewe. Jana jioni ulimeza kidonge cha kutoa mimba. Labda uliogopa. Labda nyumbani hapakuwa na chakula cha watoto ulio nao. Labda mtu mwingine alikulazimisha. Usiku hukulala, na asubuhi moyo wako umegeuka. Sasa wasema, "Nataka mimba hii ikae." Lakini waona haya kuja hospitalini, maana wafikiri tutakugombeza na kukufukuza.

Njoo. Njoo leo, usingoje kesho. Somo hili ni la kukuonyesha la kufanya. Ni kwa ajili yako pia, ndugu wa kanisa, upate kujua namna ya kumsaidia dada yako. Halikuandikwa ili kuhukumu mtu.

1. Ulimeza dawa gani?

Dawa za kutoa mimba ni mbili, na kazi zake ni mbalimbali.

Ya kwanza huitwa mifepristoni. Mama humeza kidonge kimoja. Waganga wa Ufaransa waliruhusiwa kuitumia tangu mwaka 1988.

Ya pili huitwa misoprostoli. Wengine huijua kwa jina la Cytotec. Hufuata siku moja au mbili baada ya ile ya kwanza. Dawa hii hulifanya tumbo la uzazi libane na kusukuma. Mwanzo ilikuwa dawa ya vidonda vya tumbo la chakula. Sisi pia huitumia katika materniti kusimamisha damu ya mama aliyekwisha kuzaa. Kwa hiyo huonekana katika farmasi nyingi, na wako wanawake wanaomeza hii peke yake bila ile ya kwanza.

Basi tazama sanduku na karatasi ya dawa. Usivitupe. Vilete hospitalini, hata kama ni kipande kidogo tu. Mganga akijua jina la dawa, na saa uliyomeza, ataweza kukusaidia vizuri zaidi.

2. Namna dawa ya kwanza inavyofanya kazi

Ndani ya mwili wa mama mwenye mimba kuna kitu kiitwacho projesteroni. Kitu hiki hulinda ukuta wa ndani wa tumbo la uzazi, na kulituliza tumbo lenyewe lisibane. Mtoto hukaa juu ya ukuta huo kama mbegu katika udongo mzuri.

Fikiri mlango wenye kufuli. Projesteroni ni ufunguo wake. Mifepristoni ni ufunguo mwingine unaoingia katika tundu lile lile lakini haugeuki. Ukikaa humo, ufunguo wa kweli hauna mahali pa kuingia. Ukuta huanza kulegea, na mimba yaweza kufa.

Lakini si kila mara. Mwaka 2015 waganga walikusanya habari za wanawake waliomeza mifepristoni peke yake. Waliona kwamba mimba zilizoendelea zilikuwa kati ya 8 na 46 katika kila 100, kadiri ya umri wa mimba na kipimo cha dawa. Basi aliyemeza dawa ya kwanza tu asiseme, "Yote yamekwisha." Wala asiseme, "Hakuna hatari tena." Yote mawili si kweli.

3. Kama umemeza dawa ya kwanza tu

Usimeze ya pili. Hili ndilo jambo kubwa. Weka vidonge mbali, na kama mtu anakulazimisha kuvimeza, mwambie mwuguzi.

Usinywe majani makali, wala dawa nyingine ya kujaribu nyumbani. Utaongeza ugonjwa juu ya ugonjwa.

Njoo upimwe. Tutauliza siku ya mwisho uliyoona damu ya mwezi. Tutatazama kwa ekografi kama mimba iko mahali pake na kama moyo wa mtoto unapiga. Kama mimba ni changa sana, tutakuomba urudi baada ya wiki moja au mbili.

Usikae mbali na hospitali siku hizo, maana damu nyingi yaweza kuanza ghafula hata bila dawa ya pili. Mwambie ndugu mmoja unayemwamini akae karibu nawe usiku. Yafaa pia kujua ni nani katika jamaa anayeweza kutoa damu.

Mimba ikiendelea, anza kupimwa mapema kama wanawake wengine wenye mimba. Meza vidonge vya kuongeza damu, lala ndani ya chandarua. Mpaka sasa haijaonekana kwamba mifepristoni peke yake huharibu viungo vya mtoto. Neno hili litulize moyo wako.

Na kama mimba imekufa lakini haijatoka, usikate tamaa ya kuishi, wala usijifiche. Tutakutunza, kwa sababu mimba iliyokufa na kukaa ndani yaweza kuleta ugonjwa.

4. Je, iko dawa ya kurudisha nyuma?

Huenda mtu atakuambia, "Wapigwe sindano za projesteroni, na mimba itapona." Tukueleze habari hii sawasawa.

Wazo lenyewe ni hili: tukileta funguo nyingi za kweli, labda zitashinda ule wa uongo. Mwaka 2012 waganga wawili wa Marekani waliandika juu ya wanawake 6 waliopewa projesteroni. 4 kati yao walizaa. Mwaka 2018 yakaandikwa mengine juu ya wanawake mamia. Lakini hawakulinganishwa pamoja na wanawake wengine wasiopewa dawa. Nawe umekwisha kusoma kwamba mimba nyingine huendelea zenyewe. Basi ni nani ajuaye kama mtoto aliokolewa na sindano, au kwa kuwa mama hakumeza dawa ya pili?

Baadaye waganga wa California walitaka kujua hakika. Waligawa wanawake katika makundi mawili, kundi moja likapewa projesteroni na jingine vidonge visivyo na dawa ndani. Walitaka wanawake 40. Walipofika 12 wakaacha, kwa sababu 3 walitokwa na damu nyingi sana na kukimbizwa hospitalini. Mmoja alikuwa wa kundi la projesteroni, na 2 wa kundi lile jingine. Habari hiyo ilitolewa mwaka 2020. Wanawake waliobaki walikuwa wachache mno, na swali halikujibiwa.

Kwa hiyo hatukuambii kwamba dawa hiyo ni ya hakika, maana haijathibitishwa. Akikuahidi mtu mtoto kwa bei ya sindano, usimpe fedha zako. Usipigwe sindano sokoni wala nyumbani kwa mtu. Zungumza na mganga aliyekupima.

5. Kama umekwisha kutumia dawa ya pili

Misoprostoli hufanya kazi upesi, mara nyingi katika saa chache. Tumbo huuma na damu hutoka. Hatuna dawa ya kuirudisha nyuma. Twasema hivi kwa huzuni, lakini ukweli ni afadhali kuliko ahadi ya uongo.

Hata hivyo njoo. Mara nyingine mimba huendelea. Ikiendelea, ujue kwamba misoprostoli yaweza kudhuru mikono, miguu au mishipa ya uso wa mtoto anayeumbwa. Si watoto wote. Walio wengi huzaliwa wazima. Lakini mwambie mzalishaji, ili mtoto atazamwe vizuri tumboni na siku ya kuzaliwa.

6. Alama za hatari

Usingoje asubuhi, hata kama ni usiku, ukiona moja ya haya:

Vitambaa viwili vikubwa vinalowa damu kabisa katika saa moja, na viwili tena katika saa inayofuata.
Kizunguzungu, au kuzimia.
Homa inayodumu, au uchafu wenye harufu mbaya.
Maumivu makali ya upande mmoja wa tumbo, au maumivu ya bega. Huenda mimba iko nje ya tumbo la uzazi, na dawa hizi haziiponyi mimba ya namna hiyo. Yaweza kupasuka na kumwua mama.

7. Neno kwa ndugu wa kanisa

Yule Msamaria hakumwuliza mtu aliyelala njiani amekosa nini kabla ya kumfunga vidonda. Ukijua kwamba dada yako amemeza dawa, usilipeleke neno lake kisimani wala katika mkutano. Mchukue kwa baiskeli, au mwite mwenye pikipiki, mlete. Baba, ikiwa ni wewe uliyemlazimisha mke wako au binti yako, mwache sasa aseme mwenyewe. Nasi wauguzi, siri ya mgonjwa ni sheria ya kazi yetu. Mwanamke aliyefukuzwa leo, kesho atabaki nyumbani mpaka damu imalizike.

Maswali ya kukumbuka

1. Kwa nini mama alete sanduku la dawa?
2. Aliyemeza dawa ya kwanza na kugeuza shauri aache nini?
3. Kwa nini asikae mbali na hospitali?
4. Kwa nini hatuwezi kumwahidi kwamba projesteroni itarudisha mimba?
5. Taja alama tatu za hatari.
6. Jirani yako akikujia usiku na neno hili, utamwambia nini kwanza?