Soma Upepo Kabla ya Theluji: Kuelewa Utabiri wa Dhoruba za Baridi katika Nyika na Aktiki ya Kanada

Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya familia zinazozungumza Kiswahili zilizohamia Winnipeg, Regina, Saskatoon, Edmonton na miji mingine ya nyika za Kanada, pamoja na wale waliopata kazi kaskazini zaidi, Nunavut. Utabiri unapotangazwa, wengi wetu huuliza kwanza theluji itafika sentimita ngapi. Anza na upepo.

Dhoruba ni nini hasa

Wizara ya Mazingira na Mabadiliko ya Tabianchi ya Kanada ina vipimo vyake vya dhoruba kali ya theluji. Upepo uvume kwa kilomita 40 kwa saa au zaidi, macho yasione zaidi ya mita 400, na hali hiyo idumu angalau saa 4. Kaskazini, kusikoota miti, muda huo ni saa 6. Hakuna kiasi cha theluji kilichotajwa hapo. Theluji iliyoanguka wiki iliyopita inaweza kuinuliwa na upepo chini ya anga jeupe lisilo na wingu, na barabara ikapotea mbele ya dereva. Baker Lake, katika Nunavut, hupata theluji kidogo, lakini ni miongoni mwa sehemu za Kanada zinazopigwa na dhoruba nyingi kuliko nyingine, kwa sababu nchi ni tambarare na hakuna mti wa kuuzuia upepo.

Zinakotokea

Nyika zina dhoruba za aina mbili kuu. Ya kwanza huzaliwa Alberta, upande wa mashariki wa Milima ya Rocky, na hukimbia kuelekea kusini-mashariki. Huleta theluji kidogo, upepo mkali na baridi inayoshuka ghafla nyuma yake. Kwa sababu ya kasi yake, muda wa kujiandaa ni mfupi.

Ya pili hutoka Colorado, Marekani. Hiyo hupanda kaskazini ikiwa imebeba unyevu wa Ghuba ya Meksiko, na unyevu huo ukikutana na baridi ya kaskazini juu ya Manitoba, theluji humwagika. Ndivyo dhoruba ya tarehe 4 Machi 1966 ilivyoufunga mji wa Winnipeg kwa theluji ya sentimita 35 hivi na upepo uliozidi kilomita 100 kwa saa. Mwanzoni mwa Aprili 1997 nyingine ilimwaga karibu nusu mita, na theluji hiyo ilipoyeyuka iliongeza maji ya mafuriko makubwa ya Mto Red. Kwa hiyo usiyafungie makoti kabatini kwa kuwa Machi imeisha.

Watabiri wanajuaje

Mara mbili kwa siku, kwa saa zilezile duniani kote, maputo huachiliwa angani yakiwa na vipimo vya joto, unyevu na upepo. Kanada huyarusha hata Resolute na Eureka, huko Aktiki. Vituo hivyo vina thamani kubwa, maana setilaiti zinazokaa juu ya ikweta huiona Aktiki kwa pembeni mno. Huko hutegemewa zaidi zile zinazozunguka kupitia ncha za dunia. Takwimu zote huingizwa kwenye kompyuta kubwa, na hesabu hurudiwa mara nyingi kwa mabadiliko madogo ya mwanzo. Majibu yakikaribiana, mtabiri hupata imani. Yakitawanyika, husema wazi kuwa njia ya dhoruba bado haijulikani.

Hii ndiyo sababu utabiri wa siku tano mbele hubadilika. Dhoruba ya Colorado ikipinda kilomita 100 tu, mji mmoja huzikwa na theluji na jirani yake hukosa. Wapo wanaoona mabadiliko hayo wakasema watabiri hubahatisha. Si kweli, na kudharau huko kuna hatari. Utabiri wa leo jioni una vipimo vipya kuliko wa jana. Soma ule wa mwisho.

Rangi za tahadhari

Tangu mwishoni mwa 2025, tahadhari za Kanada hutolewa kwa rangi: njano, chungwa na nyekundu, kadiri madhara yanavyotarajiwa kuwa makubwa. Waliotoka Tanzania wamezizoea rangi hizo kwenye taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa. Nyekundu hutolewa mara chache, kwa hiyo usiingojee ndipo uahirishe safari. Njano yenye upepo inatosha kumkwamisha mtu barabarani.

Baridi ya upepo

Nyuzi 25 chini ya sifuri, upepo ukivuma kilomita 30 kwa saa, mwili huhisi kama nyuzi 39 chini ya sifuri. Hapo ngozi iliyo wazi inaweza kuganda kati ya dakika 10 na 30. Ikihisiwa kama 40 chini ya sifuri, dakika 5 hadi 10 zinatosha. Watoto wanaosubiri basi la shule wafunikwe masikio, pua na vidole.

Ukikwama njiani

Baki ndani ya gari. Mtu anayetoka kutafuta msaada hupotea hatua chache tu kutoka mlangoni. Kwanza ondoa theluji kwenye ekzosi, kwa sababu ikiziba, moshi wenye sumu hurudi ndani nawe usisikie harufu ya sumu hiyo. Washa injini kama dakika 10 kwa kila saa, ukifungua kidogo dirisha la upande usiopigwa na upepo. Beba daima blanketi, beleshi, maji, chakula, tochi na chaja ya simu, na tangi la mafuta lisiwe chini ya nusu.

Kabla ya kutoka, piga 511 uulize hali ya barabara katika Manitoba au Alberta. Kwa dharura katika miji ya nyika, piga 911. Na kama nyumbani kuna mzee asiyesoma Kiingereza wala Kifaransa, tafadhali msomee utabiri kila jioni, kwa Kiswahili, naye ajue lini asitoke.