Imbwa Mnene Siyo Imbwa Mwenye Afya



Wewe ndiye unapika bukari, na wewe ndiye unajua nani amekula nyumbani. Kwa hiyo somo hili la imbwa linakuhusu. Watu wengine wanasema: "Imbwa yetu inanona juu tunakulaka muzuri." Lakini mafuta yakizidi, imbwa anahema upesi, viungo vinamuuma, na joto la mwezi wa kumi hapa Lubumbashi linamtesa. Anaweza kupata ugonjwa wa sukari pia. Na imbwa asiyeweza kukimbia atalinda lupango namna gani?

1. Kwanza ujue: ni kunona ao kuvimba?

Kliniki tunafundisha kwamba mtoto mwenye kwashiorkor anavimba miguu na uso, kumbe amekosa chakula. Kwa imbwa vilevile, kuvimba siyo kunona. Weka mikono kwenye mbavu zake. Kama ni mzima, unazisikia bila kukandamiza. Kama huzisikii, na ukimtazama toka juu hana kiuno, amenona.

Lakini kama tumbo ni kubwa na mifupa ya mgongo inaonekana, usimpunguzie chakula! Labda ana minyoo ao ugonjwa mwingine. Mpeleke kwa munganga wa nyama. Imbwa jike mwenye mimba ao anayenyonyesha naye asipunguziwe. Minyoo mingine ya imbwa inaingia kwa watoto wanaocheza katika udongo wenye mavi yake. Fukia mavi mbali na watoto, nao wanawe mikono kwa sabuni.

2. Mpime

Baba apande peke yake juu ya mizani ya watu wazima, kisha apande tena amebeba imbwa. Baba ana kilo 68. Pamoja na imbwa ni kilo 90. Basi imbwa ana kilo 22. Mama mwenye mimba asimbebe. Andika uzito na tarehe, kama tunavyoandika kwenye karatasi ya mtoto.

3. Punguza polepole

Usimshindishe njaa. Kwa juma moja inatosha apunguke gramu 220 mpaka 440, kama ana kilo 22.

– Mtu mmoja tu ampe chakula, kwa kopo moja lilelile, asubuhi na jioni.
– Acha kumtupia vipande wakati mnakula.
– Punguza bukari kidogo, na usiongeze mafuta ya kupikia. Usimnyime samaki ao nyama kidogo, maana bukari peke yake haijengi mwili.
– Akililia chakula, ongeza kabichi ao karoti ya kuchemsha, bila chumvi.
– Kitunguu na kitunguu saumu vinaharibu damu yake. Mifupa iliyopikwa inaweza kutoboa matumbo.
– Maji safi yasikosekane.

4. Atembee

Imbwa anayefungwa mchana kutwa ananona upesi. Akiisha kuchanjwa juu ya wazimu wa imbwa, mtembeze kwa kamba asubuhi mapema ao jioni. Anza na dakika 10, uongeze kidogo kidogo. Akihema sana, mpumzishe.

5. Kama hapunguki

Mpime tena kisha majuma mawili. Kama uzito haukushuka, uchunguze nani anamlisha kwa siri. Mara nyingine ni mtoto anayeshusha bukari yake chini ya meza. Usimpige! Muulize kwa nini hakuli. Labda anaumwa meno ao tumbo, ao ana homa. Nyumba ambamo imbwa anaongezeka na mtoto anapunguka, mtoto ndiye wa kupimwa kwanza. Mlete kliniki siku ileile.

Maulizo

1. Utajuaje kama imbwa amenona ao amevimba?
2. Kwenu, ni watu wangapi wanamlisha imbwa?
3. Jana jioni, kila mtoto alimaliza chakula chake?